Vijia vilivyolea mabingwa wa milimani havina ramani wala mlinzi

MNAMO Novemba 2022, mjini Chiang Mai nchini Thailand, Mkenya Patrick Kipngeno alitawazwa bingwa wa dunia wa mbio za kupanda mlima. Miezi saba baadaye alilihifadhi taji hilo mjini Innsbruck, Austria. Kabla yake, Lucy Wambui Murigi alikuwa ameshinda dhahabu ya dunia ya mbio za milimani miaka miwili mfululizo: Premana, Italia, mwaka wa 2017, na Canillo, Andorra, mwaka wa 2018.

Ushindi huo haukupokewa kwa vifijo na hoihoi ambavyo tumezoea kuwapokea navyo mabingwa wa marathoni na wa mita 1,500. Hakuna ubaya mkubwa katika hilo, kwani mchezo wenyewe ungali mgeni machoni pa Wakenya wengi. Linalofaa kututia wasiwasi ni jambo jingine. Vijia vya milimani na mabondeni vilivyowalea wanariadha wetu, wa milimani na wa barabarani vilevile, vinatoweka kimoja baada ya kingine. Hakuna anayevihesabu vinapopotea, na hakuna anayeulizwa vilikopotelea.

Mbio za milimani si sawa na mbio za nyika ambazo Kenya imezitawala kwa miaka mingi. Mbio za nyika huandaliwa katika uwanja mpana, wanariadha wakizunguka mkondo uliopimwa mara kadhaa. Za milimani hufuata njia ambazo tayari zipo: njia za wachungaji, za wachota maji, za wanaovuka kutoka bonde moja hadi jingine kwenda sokoni. Mwanariadha hupanda mamia ya mita, akateremka penye mawe na mizizi, akavuka kijito, kisha akaanza kupanda tena. Baadhi ya mashindano hayo huisha kwa muda wa chini ya saa moja. Mengine, kama yale ya kuuzunguka mlima Mont Blanc yaliyoanzishwa mwaka wa 2003, ni ya takriban kilomita 170 kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, na hata mshindi huhitaji karibu saa 20 kuyamaliza.

Ni bayana basi kwamba mtaji wa mchezo huu ni njia. Palipo na njia inayopitika, isiyo na ugomvi wala hatari, mchezo hustawi. Njia ikifungwa, hakuna uwanja wa mabilioni ya fedha unaoweza kuchukua nafasi yake.

Katiba inayotaja njia za miguu

Tuchukue mfano wa Sierre-Zinal, mashindano ambayo yamekuwapo tangu mwaka wa 1974 katika jimbo la Valais nchini Uswisi. Wakimbiaji huanzia mji wa Sierre kwenye bonde la mto Rhône, wakapanda takriban mita 2,200 na kufika kijiji cha Zinal baada ya kilomita 31. Wakenya wamekuwa miongoni mwa wanaotikisa mashindano hayo, na mnamo 2023 Philemon Kiriago aliibuka mshindi. Huenda mashabiki wake hawakujua kwamba vijia alivyokuwa akivipanda viko chini ya hifadhi ya katiba ya nchi hiyo.

Mnamo 1979 wapigakura wa Uswisi waliidhinisha kifungu cha katiba kuhusu njia za miguu na za matembezi. Sheria ya kukitekeleza ilipitishwa mwaka wa 1985. Serikali kuu ilipewa jukumu la kuweka kanuni, nayo majimbo yakapewa kazi ya kuichora mitandao ya njia, kuitunza na kuhakikisha umma unapita bila kuzuiwa. Leo njia za matembezi za Uswisi, zenye vibao vyake vya manjano, zina urefu wa takriban kilomita 65,000. Ikumbukwe kwamba Kenya inaishinda nchi hiyo kwa ukubwa karibu mara 14.

Kiini cha sheria hiyo kiko katika kifungu chake cha saba. Njia ikifungwa, ikikatizwa, ikijaa magari, au ikifunikwa kwa masafa marefu na kitu kisichomfaa mtembea kwa miguu, sharti ipatikane nyingine badala yake. Sheria haimkatazi mtu kujenga barabara. Inachomwambia ni kwamba ukimwondolea mwananchi njia yake, umrudishie nyingine.

Hilo ndilo wazo ambalo Kenya inalihitaji. Na tofauti na wanavyodhani wengi, tunaweza kulitekeleza bila kuigusa katiba yetu hata nukta moja.

Ukingo wa Elgeyo

Hakuna mahali ambapo haja hiyo inajitokeza wazi kama kwenye ukingo wa Elgeyo. Mji wa Iten, makao makuu ya Kaunti ya Elgeyo Marakwet, umekaa juu ya ukingo huo, takriban mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Chini yake kwa zaidi ya mita elfu moja limetanda Bonde la Kerio, ambalo mto wake huelekea kaskazini hadi Ziwa Turkana. Ng'ambo ya bonde imesimama milima ya Tugen katika Kaunti ya Baringo.

Kati ya ukingo na bonde kuna vijia vilivyochongwa na nyayo za vizazi vingi. Familia za Wakeiyo na Wamarakwet zilikuwa na maskani upande mmoja na mashamba au malisho upande mwingine, kwa hivyo kupanda na kushuka kulikuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Mtoto aliyetumwa kwa shangazi yake bondeni alirejea jioni akiwa amepanda mlima ambao mgeni kutoka Ulaya huulipia nauli ya ndege ili aje kuujaribu.

Wanariadha waliurithi utajiri huo. Mtawa Colm O'Connell kutoka Ireland alipofika kufundisha katika Shule ya Upili ya St Patrick's, Iten, mnamo 1976, hakukuta maabara ya michezo wala mitambo ya kisasa. Alikuta wanafunzi, miinuko na barabara za udongo mwekundu. Miaka mingi baadaye, Paula Radcliffe na Mo Farah wa Uingereza walikuja mji uo huo kujinoa. Kusini kidogo, makocha huwapeleka vijana wao kwenye mpando maarufu wa Fluorspar, uliopata jina kutokana na mgodi uliokuwa Kimwarer. Huo ni mwinuko wa takriban kilomita 21 kutoka bondeni hadi Nyaru, na anayeufikisha kileleni bila kusimama hahitaji cheti kingine cha ujasiri.

Sababu ya makocha kuzipenda njia za udongo si siri. Mwanariadha wa marathoni anaweza kukimbia zaidi ya kilomita 150 kwa wiki moja. Akizikimbia zote juu ya lami, magoti na vifundo vyake hupokea kishindo kilekile kwa namna ileile mara maelfu. Udongo hupunguza kishindo hicho, nayo mabonde na mawe humlazimu abadilishe hatua, jambo linaloimarisha misuli ambayo lami haiigusi. Nyanda za juu zipo Ethiopia, Mexico na hata Uswisi kwenyewe. Kilichoipa Iten sifa ni kwamba pamoja na hewa nyepesi, mtu aliweza kutoka mlangoni pake akakimbia popote, juu ya udongo, bila kuomba ruhusa.

Lami na seng'enge

Uhuru huo ndio unaopungua. Adui wa kwanza, ikiwa anafaa kuitwa adui, ni lami. Hapa ni lazima tuseme ukweli pasi na kuumauma maneno. Mkulima wa viazi ambaye mazao yake huoza msimu wa mvua kwa sababu lori halifiki shambani ana haki ya kupata barabara. Mama mjamzito anayekimbizwa hospitalini hawezi kuambiwa asubiri kwa sababu wanariadha wanapenda vumbi. Anayeipinga lami kwa hoja ya riadha pekee atakuwa anawatakia wenzake umaskini ili yeye apate mahali pa mazoezi.

Hata hivyo, barabara ya udongo inapowekwa lami, kuna kitu kinachopotea ambacho hakimo katika hesabu za mkandarasi. Magari huongeza kasi. Bodaboda huongezeka. Ukingo ambao zamani walipita wakimbiaji, watoto wa shule na ng'ombe hugeuka mtaro wa maji. Mwanariadha anayeamka saa kumi na moja alfajiri hulazimika kukimbia gizani pembezoni mwa lami, taa za malori zikimpofusha. Mtoto wa shule yuko hatarini vilevile, ila yeye hana kocha wa kumsemea. Kijia cha upana wa mita mbili kando ya barabara mpya, kilichotengwa tangu siku ya kwanza ya upimaji, kingeyaondoa hayo yote kwa sehemu ndogo ya gharama ya mradi. Kukitafuta baada ya barabara kukamilika na vibanda kujengwa ni sawa na kuyazoa maji yaliyokwisha kumwagika.

Adui wa pili ni seng'enge. Kadiri mashamba yanavyogawanywa kati ya wana na wajukuu, ndivyo kila mmoja anavyozungushia ua kipande chake. Naye pia ana haki: ana hatimiliki, ana mahindi yanayokanyagwa, ana mifugo ya kulinda. Lakini kijia kilichokuwa kikipita hapo tangu enzi za babu zake kilikuwa mali ya kijiji kizima. Anapokifunga, jirani hulazimika kuzunguka, na jirani wa pili akiona hivyo naye hufunga cha kwake. Baada ya miaka mitano, njia iliyowafikisha watu kutoka mlimani hadi mtoni hubaki kuwa vipande visivyounganika. Hakuna aliyekusudia kuiua, na kila mmoja amechangia kifo chake.

Adui wa tatu anatoka mlimani kwenyewe. Novemba 2019 maporomoko ya ardhi yaliwaua makumi ya watu katika Kaunti ya Pokot Magharibi. Aprili 2020 maafa yaliikumba Chesegon, kwenye mpaka wa kaunti hiyo na Elgeyo Marakwet. Mnamo Novemba 1, 2025, mlima ukashuka tena usiku, safari hii Chesongoch katika Marakwet Mashariki, na watu zaidi ya 20 wakafariki. Mbele ya msiba wa aina hiyo, kuzungumzia vijia vya kukimbilia kunaweza kuonekana utani. Lakini mambo hayo mawili yana uhusiano. Miteremko hiyo hiyo ndiyo inayokatwa miti na kulimwa hadi kingoni mwa magenge. Kijia kisichotunzwa hugeuka mfereji wa maji ya mvua, mfereji ukawa korongo, nalo korongo likaulegeza mlima. Usipoziba ufa, walisema wahenga, utajenga ukuta. Aidha, mlima unaposhuka na barabara kukatika, ni vijia ambavyo waathiriwa huvitumia kutoka na waokoaji kuingia.

Kuna adui wa nne, ambaye hakuna ramani inayoweza kumfukuza peke yake. Wizi wa mifugo na mauaji ya majangili yamezifanya sehemu za Bonde la Kerio zisipitike kwa miaka mingi. Februari 2023 serikali ilituma wanajeshi kuwasaidia polisi katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa na maeneo jirani, Elgeyo Marakwet na Baringo zikiwa miongoni mwazo. Njia inayovuka bonde kutoka jamii moja hadi nyingine hustawi penye amani na hufa penye bunduki. Ndiyo maana kila kijia kinachofunguliwa tena na kupitwa na watu bila hofu ni kipimo cha amani chenye thamani kuliko hotuba nyingi.

Sheria ipo, ramani haipo

Je, mwananchi aliyefungiwa njia ana pa kukimbilia? Jibu ni kwamba sheria za Kenya zimemwekea zaidi ya anavyojua.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, katika kifungu cha 28, inatambua kuwa kuna haki zinazoendelea kuwapo juu ya ardhi iliyosajiliwa hata kama hazikuandikwa kwenye rejista. Miongoni mwazo ni haki ya kupita iliyokuwapo wakati ardhi iliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa maneno mengine, hatimiliki peke yake haikifuti kijia cha kale. Sheria ya Muda wa Kushtaki, Sura ya 22, nayo inasema kwamba anayetumia njia kwa amani na kwa uwazi kwa miaka 20 bila kukatizwa anaweza kupata haki kamili ya kuitumia. Isitoshe, Sehemu ya Kumi ya Sheria ya Ardhi ya 2012 inaipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi (NLC) uwezo wa kuanzisha haki ya umma ya kupita, na inamlinda mwenye shamba kwa kumpa fidia anayostahili.

Kasoro basi haiko katika uwezo wa sheria. Iko katika ushahidi. Mahakamani, anayedai kwamba njia ilikuwapo ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Ataleta nini? Ramani za upimaji huonyesha barabara za kufikia mashamba, na kijia cha wachungaji hakikuwa na wa kukichora. Atawaleta wazee waseme walivyoona utotoni. Lakini wazee hao wanatuaga mmoja mmoja, na kila mazishi huondoka na kipande cha ramani ambayo haikuwahi kuandikwa. Hapa ndipo ulipo ufa wenyewe, na ndipo pa kuanzia kuuziba.

Nani auzibe? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi serikali za kaunti barabara za kaunti, upimaji na uchoraji wa ramani, utalii wa mashinani, pamoja na michezo na vifaa vyake. Ni nadra kazi nne kukutana kwa afisi moja namna hiyo. Kaunti ambayo ingetaka kuorodhesha vijia vyake haihitaji kuisubiri Nairobi.

Kazi yenyewe haina ugumu wa kutisha. Vijana wa kila wadi, ambao tayari wana simu zinazoweza kurekodi njia waliyopita, wanaweza kuandamana na wazee na kuvitembea vijia vyote kuanzia juu hadi chini. Rekodi hizo zipelekwe kwa mpimaji wa kaunti, zitangazwe hadharani, wenye mashamba wapewe muda wa kupinga, kisha ramani iidhinishwe na bunge la kaunti. Katika sehemu za mabondeni ambako ardhi bado ni ya jamii na haijagawanywa kwa hatimiliki za kibinafsi, kazi ni rahisi zaidi. Huko vijia vinaweza kuandikwa kabla ya ua la kwanza kusimamishwa, chini ya utaratibu wa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016.

Kuna watakaosema kwamba wenye mashamba hawatakubali. Jibu lao liko palepale kwenye miteremko ya Marakwet. Kwa karne kadhaa koo za Wamarakwet zimekuwa zikichimba na kutunza mifereji inayoteremsha maji kutoka milima ya Cherangany hadi mashamba ya bondeni. Mfereji mmoja hupita kwenye ardhi ya watu wengi. Kila ukoo unajua zamu yake ya maji na wajibu wake wa kukarabati, na anayeuharibu hujibu mbele ya wazee. Jamii iliyoweza kukubaliana kuhusu maji, kitu kinachogombaniwa kuliko vyote, haiwezi kushindwa kukubaliana kuhusu mahali pa kukanyaga.

Mfano mwingine uko jijini Nairobi. Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta elfu moja, ulikuwa ukinyemelewa na wanyakuzi katika miaka ya 1990, na Profesa Wangari Maathai alishambuliwa mnamo 1999 kwa kuutetea. Baadaye, chini ya ushirikiano wa jamii na Huduma ya Misitu nchini (KFS), vijia vilifunguliwa, vikawekwa alama na walinzi, na leo maelfu ya wakazi hukimbia humo bila hofu. Mzozo uliozuka Agosti 2025 kuhusu ada za kiingilio kulipwa kupitia mfumo wa eCitizen ulithibitisha jambo moja: watu huuona msitu kuwa wao pale wanapokuwa na njia ya kuupitia. Huko Kaptagat nako, Wakfu wa Eliud Kipchoge umejitwika jukumu la kutunza hekta 50 za msitu ambao bingwa huyo amefanyia mazoezi kwa miaka mingi. Anayekimbia msituni ndiye wa kwanza kugundua mti ulioangushwa usiku.

Mcheza kwao hutunzwa

Suala la riziki nalo halifai kupuuzwa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini mwanariadha wetu wa milimani hutunzwa ugenini. Mashindano yanayomlipa yako Milima ya Alps. Ili afike huko anahitaji wakala, viza na nauli, na chipukizi wengi hukwama katika hatua ya kwanza. Ukosefu wa mashindano mengi ya nyumbani humfanya kijana kuiweka kapu moja karata zake zote: safari moja ya Ulaya katika kiangazi kimoja.

Mgala muue na haki umpe. Sifa yetu katika milima hiyo imetiwa doa na baadhi ya wanariadha wenyewe. Washindi wa Sierre-Zinal wa mwaka wa 2022, mwanamume na mwanamke, wote walikuwa Wakenya, na wote wawili walipokonywa ushindi baada ya kupatikana na dawa zilizopigwa marufuku. Umaskini hauhalalishi udanganyifu. Lakini mashindano ya nyumbani, yenye upimaji wa mapema, yangewapa Shirikisho la Riadha Kenya (AK) na wakala wa kupambana na dawa hizo, ADAK, nafasi ya kuwafuatilia chipukizi kabla ya kupanda ndege.

Kwamba mashindano kwenye njia za udongo yanaweza kuinua jamii si ndoto. Tangu mwaka wa 2000, marathoni ya Lewa imekuwa ikikimbiwa ndani ya hifadhi ya wanyamapori, na mapato yake yamesaidia uhifadhi, shule na afya. Ikiwa watu husafiri kutoka mabara mengine kukimbia kwenye tambarare ya Lewa, hakuna sababu ya wao kukataa kuteremka kutoka Iten hadi kingo za Kerio na kupanda tena, au kuuzunguka Mlima Elgon, au kufuata mabonde ya mito itokayo Mlima Kenya na Aberdare. Watahitaji mahali pa kulala, chakula, waelekezi na wabeba mizigo. Fedha hizo hufika kijijini moja kwa moja.

Majirani wetu hawajalala. Waganda Victor Kiplangat na Robert Chemonges walitwaa dhahabu ya wanaume ya mbio za milimani mwaka wa 2017 na 2018. Kiplangat aliendelea hadi akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Budapest mnamo 2023. Wanariadha wengi wa taifa hilo huchipuka kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambao sisi tuna upande wake mmoja. Mlima hauna uraia. Utampa matunda anayezitunza njia zake.

Pendekezo ni fupi. Kwanza, kaunti za milimani ziandike vijia vyake sasa, wakati wazee wanaovijua wangali hai. Pili, kila mradi wa barabara unaofunika njia ya udongo uwe na kijia cha watembea kwa miguu ndani ya michoro na bajeti yake. Tatu, kila njia inayofungwa ipatiwe mbadala kabla ya kufungwa, na si ahadi baada ya malalamiko. Hatua hizi hazihitaji tume wala safari ya maafisa kwenda Uswisi kujionea.

Atakayefaidika si mkimbiaji pekee. Ni mtoto anayekwenda shuleni, mama anayeteka maji, mzee anayekwenda kumwamkia nduguye upande wa pili wa bonde. Mabingwa wamekuwa matunda ya njia zilizowahudumia watu hao wote. Tukizifunga, Patrick Kipngeno na Lucy Wambui Murigi watabaki kuwa majina katika kumbukumbu za mashindano ya ng'ambo, na kijana anayetaka kuwafuata atalazimika kuuliza njia, asipate wa kumwonyesha.